Barafu ya Ruwenzori na Ziwa Letu

Ulipo: Kasenyi, Ziwa Albert, mita 619 hivi juu ya usawa wa bahari.

Kusini mwa ziwa hili unaingia mto Semliki, unaokusanya vijito vya milima ya Ruwenzori. Kilele cha Margherita cha milima hiyo (mita 5,109) kilifikiwa mwaka 1906 na msafara wa Luigi Amedeo wa Italia. Wakati huo barafu ilifunika milima sita. Leo iliyobaki iko hasa kwenye mlima Stanley, mpakani mwa Kongo na Uganda.

Barafu huvunjikaje? Joto huikondesha, nyufa hupanuka, mwamba mweusi hujitokeza katikati, na bamba moja hugeuka vipande. Hata barafu kubwa zaidi huvunjika: huko Antaktika, Larsen B, bamba la barafu lililoelea baharini, lilisambaratika mwaka 2002: kilomita za mraba 3,250 hivi, zaidi ya nusu ya ziwa hili.

Upande wa Kongo, barafu ya Ruwenzori imo katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, Urithi wa Dunia tangu 1979.

Ziwa halitakauka barafu ikiisha, kwani mvua ndiyo huleta maji mengi. Lakini barafu hiyo haitarudi maishani mwetu. Waeleze watoto wako habari zake sasa, ingali ipo.