Malisho mchanganyiko (Kitale na Bungoma)

Malisho mchanganyiko ni nyasi na mikunde iliyopandwa pamoja kwa ajili ya mifugo. Magharibi mwa Kenya, jozi maarufu ni nyasi ya nepia na mkunde wa desmodiamu.

Kitale, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ni kitovu cha zamani cha utafiti wa nyasi. Ndiko alikofanya kazi mtaalamu A. V. Bogdan, na ndiko ilikoboreshwa nyasi ya setaria ya Nandi.

Thamani kubwa iko kwenye mkunde. Ukichimbua mzizi wa desmodiamu na kupasua vifundo vyake, rangi ya waridi ndani huonyesha kwamba bakteria wananasa nitrojeni ya hewani. Mbegu za desmodiamu ni ndogo mno: huchanganywa na mchanga, hufukiwa juujuu, na palizi ya mwanzo isichelewe hata kidogo, kwani nyasi huisonga miche upesi. Ng'ombe wa maziwa hupata protini ambayo nepia iliyokomaa haina ya kutosha.

Bungoma ilipata pigo zito miaka ya 1990, ulipozuka ugonjwa wa kudumaza nepia. Majani hugeuka manjano, shina hubaki fupi. Kidudu mfyonza utomvu huueneza, na vipandikizi pia. Shina lililougua hung'olewa lote, na vipandikizi vipya huchukuliwa kwenye shamba lenye afya.