Bakuli Zilizopamba Makaburi ya Tongoni



Kila mtu hupenda kupamba nje ya nyumba yake. Huyu hupanda asumini, yule hupanga makombe ya pwani kando ya njia, ili mpitaji atazame afurahi. Wazee wetu wa kale nao walikuwa na pambo lao la nje, lakini waliliweka mahali ambapo hukutarajia: makaburini.

Ukitoka Tanga mjini ukashika njia ya Pangani, utafika Tongoni. Hapo pana gofu la msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, na mengi katika hayo yalijengewa nguzo za mawe. Nguzo karibu zote zimekwisha anguka. Ukitazama kwa makini utaona vishimo vya duara, mfano wa macho yaliyong'olewa. Humo ndimo zilimokuwa bakuli za kauri.

Fundi alijenga kwa matumbawe na chokaa, na chokaa ilipokuwa ingali mbichi akaizamisha bakuli, uso wake wa ndani ukaelekea nje, ukang'ara juani. Desturi hii haikuwa ya Tongoni peke yake. Utaikuta Kunduchi, na katika pwani ya Kenya utaikuta Mambrui. Na huko Gedi kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 Miladia, nalo latuonyesha umri wa ujenzi huu.

Bakuli hizo nyingi zilitoka China. Zilipita mikono ya wafanyabiashara wa India na Ghuba, kisha zikaletwa na majahazi ya kaskazi. Wala safari haikuwa ya upande mmoja: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China. Mwaka 1955 mtaalamu wa Kiingereza, Mortimer Wheeler, alipozuru pwani ya Tanganyika, alistaajabu kuona wingi wa vigae vya Kichina vilivyotapakaa ardhini.

Basi kwa nini chombo cha thamani kama hicho kikatiwa katika kaburi? Wapo wasemao kuwa kilikuwa kinga ya husuda. Lakini hapana shaka kilitangaza pia kuwa aliyelala hapa alikuwa mtu mwenye mali na heshima.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye mazingatio. Sote tunajua kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza makaburi yasipakwe chokaa wala yasijengewe. Tazama basi mwisho wa pambo lile. Wengi wa waliowekewa bakuli hizo leo hatuwajui hata majina. Chombo kilichokusudiwa kumtukuza mtu kimebaki kutueleza habari za majahazi na biashara, na mwenyewe amesahauliwa.

Lakini mtu asije akasema: "Maadamu jambo lenyewe lilikatazwa, hakuna ubaya kuzing'oa." Kukataza pambo ni jambo moja, na kumpora maiti ni jambo jingine. Heshima ya Mwislamu haikatiki kwa kufa kwake. Na hata sheria ya nchi, tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayalinda magofu haya. Aliyeng'oa bakuli akaiuza alipata fedha ya siku chache, na wajukuu zetu akawaachia shimo.

Basi nenda Tongoni pamoja na wanao. Watolee salamu waliolala pale, uwaombee dua, wala usiwaombe wao haja zako. Waonyeshe watoto vile vishimo, uwaeleze babu zao walifanya biashara na nani. Kisha jiulize: mimi nitaacha nini? Tumefundishwa kuwa mtu akifa amali zake hukatika ila kwa matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema mwenye kumwombea. Katika hayo matatu hakuna hata moja awezalo mtu kuling'oa ukutani.

Mwenyezi Mungu atujaalie mwisho mwema. Amin.