Nani alituchagulia Windows?



Mwezi uliopita mdogo wangu mmoja wa L2 alifika kwangu Butembo na laptopu ya okazioni iliyotoka Kampala. Iko na Windows 10, na kila akiiwasha inamkumbusha kwamba msaada uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Akaniuliza: "Yaya, sasa nichague nini? Nibaki, ao niende ku Linux? Mie sijui kitu mu mambo ya mashini."

Hilo neno "nichague" lilinishika. Sisi wa miaka yetu hatukuchagua kitu. Tulikuta kimechaguliwa, na hadithi yake inaanzia mbali.

Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake ndogo, na mfumo wa kuiendesha ikauchukua kwa Microsoft. Microsoft ilikuwa na akili ya biashara ambayo mchuuzi yeyote wa Butembo angeisifu: iliuza ruhusa ya kutumia MS-DOS, lakini ikabaki na haki ya kuiuzia kampuni zingine pia. Kampuni zingine zilipoanza kutengeneza mashini zinazofanana na za IBM, karibu zote zilibeba mfumo ule ule. Windows 95 ilipofika mwezi wa 8 mwaka 1995, njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mtu alinunua mashini, mfumo ukawa tayari mu tumbo yake.

Kwetu huku mfumo ulivuka mpaka pale Kasindi. Wafanyabiashara wetu walileta kompyuta kutoka Dubai na Kampala pamoja na vitenge na vipuri vya pikipiki, na nyingi zilikuwa zimetumika mu ofisi za mbali. Ndani kulikuwa Windows XP, ile ya mwaka 2001. Ikikufa, fundi anaweka ingine kwa sidi ya kunakiliwa, unamlipa dola chache, kazi imekwisha. Hakuna aliyeuliza lisensi. Sikumbuki hata mwenzetu mmoja aliyejua kwamba kuna kitu kingine cha kuweka.

Lakini ile sidi ilikuwa na deni lake. Fundi alikuwa anazima masasisho, sababu yakiingia, Windows inagundua kwamba ni ya kunakiliwa na kuanza kupiga kelele. Tena intaneti ilikuwa ya bei. Basi tarehe 23 Oktoba 2008 Microsoft ilitoa dawa ya tundu moja kubwa, na mwezi uliofuata virusi vya Conficker vikaanza kuingia kupitia tundu hilo hilo. Aina zilizofuata zilijua kusafiri ku flashi. Vilikamata mamilioni ya mashini duniani, hata mtandao wa jeshi la majini la Ufaransa mwanzoni mwa 2009. Kama jeshi lenye mainjinia wake lilikamatwa, kibanda cha saisie chenye mashini tatu na jenereta moja kingejikinga na nini?

Nilipata jibu mwaka 2012, nikiwa mwaka wa mwisho wa graduat. TFC yangu ilikuwa mu flashi, kurasa 60 na zaidi, nakala moja tu. (Ndiyo, moja. Musinicheke.) Nikaipeleka kuchapisha mu kibanda kimoja cha mjini. Niliporudi nyumbani kwa mwenzangu na kuifungua, folda zote zilikuwa zimegeuka njia za mkato. Kila moja kilobaiti 1. Ukibonyeza, hakuna kitu. Zilikuwa zimebaki siku nne za kudepoza. Fundi wa kwanza akasema: "Hii tufomati tu." Kama ningemkubali, ningerudia mwaka.

Binamu yangu wa Beni akanipigia simu: "Usiguse. Lete hapa." Nikapanda pikipiki, kilomita kama 50 za vumbi, flashi mu mufuko wa shati kama vile nabeba dhahabu. Akaiingiza mu mashini yake yenye rangi ya zambarau ambayo sikuwahi kuiona. Folda zote zikatokea, na TFC ikiwa ndani. Virusi havikuwa vimefuta kitu. Vilikuwa vimeziweka folda alama ya kufichwa ambayo Windows inaitii, na vikaweka zile njia za mkato za uongo mbele yake. Mfumo wake yeye haukujali ile alama, na programu ya virusi, iliyoandikwa kwa ajili ya Windows, haikuweza kujiendesha pale.

"Ni nini hii?" "Ubuntu."

Nikafikiri ananitania, sababu sisi Wanande tunasema omundu kwa mtu. Kumbe jina ni la Afrika ya Kusini kabisa. Mark Shuttleworth, mzaliwa wa kule, aliuza kampuni yake Thawte mwaka 1999, akaenda angani na Warusi mwaka 2002, kisha mwezi wa 10 mwaka 2004 akatoa Ubuntu, iliyojengwa juu ya Linux ya Linus Torvalds wa Finland ya mwaka 1991. Bure, kunakili ni halali. Hadi mwaka 2011 walikuwa wanatuma hata sidi kwa posta bila malipo. Na mwaka ule ule wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Na sisi tulikuwa tunabonyeza "Démarrer".

Nilirudi Butembo na Ubuntu mu mashini yangu. Nilidumu nayo miezi saba tu, nawaambia ukweli. Mp3 zilitaka kipande cha kupakua, na mie sikuwa na intaneti. Encarta, ensaiklopedia yetu sisi tusio na mtandao, ilikuwa ya Windows. SPSS ya mwenzangu, Windows. Nikipeleka kazi kuchapisha, kurasa zilisogea na jedwali la yaliyomo likavurugika. Na siku ekrani ilipobaki nyeusi, mafundi watatu waliniangalia kama mgonjwa wa ugonjwa usiojulikana. Binamu alikuwa Beni. Nikarudi kwa ile sidi ya dola chache.

Kwa hiyo nilipomjibu mdogo wangu, sikumwambia mfumo gani ni mzuri. Windows 11, ya mwezi wa 10 mwaka 2021, inaomba chipu ya TPM 2.0 na prosesa mpya kuliko yake. Microsoft iliongeza mwaka mmoja wa ulinzi kwa Windows 10, lakini ilikuwa mpaka ujiandikishe. Nikamuuliza: ukikwama saa mbili usiku, ni nani karibu yako anaweza kukuja? Akafikiri, akataja wawili wa fakulte yao wanaotumia Linux.

Tukaiweka Ubuntu ku flashi, akaianzisha kutoka pale bila kugusa diski. Amekwenda nayo wiki mbili kujaribu. Kabla hajatoka nilimwomba aniachie nakala ya kazi yake, akashangaa kwa nini.