Kaunta ya Burito: Kutoka Ngano ya Sonora hadi Mtaa wa Valencia

Kusini na katikati ya Mexico watu hula mahindi. Huchemshwa kwa maji ya chokaa, husagwa yakiwa bado na unyevu, kisha donge hutandazwa kuwa tortila, chapati nyembamba iliyoliwa huko karne nyingi kabla Wahispania hawajatia nanga. Lakini burito, ile tortila kubwa iliyoviringwa na kukunjwa ncha zote mbili, haikutoka kwenye mahindi. Asili yake ni kaskazini, katika nchi kame ya Sonora na Chihuahua, na asili yake ni ngano.

Ngano waliileta Wahispania katika karne ya 16. Eusebio Kino, padri Mjesuiti aliyefika Sonora mwaka 1687, alikuwa miongoni mwa walioisambaza mbegu hiyo mabondeni. Wakulima wenyeji hawakuipokea kwa ajili ya mahubiri. Ngano hupandwa majira ya baridi, wakati jalidi inaua mahindi, kwa hiyo shamba lile lile liliweza kulisha familia mara mbili kwa mwaka.

Kwa unga huo wanawake wa Sonora wakatengeneza tortila iitwayo sobaquera. Mpishi haitengenezi kwa kibao na kijiti cha kusukumia. Huchukua donge lililokandwa kwa mafuta, akalirusha kutoka mkono huu hadi ule, nalo likazidi kutanuka mpaka likakaribia kwapa, jembamba hata mwanga ukapita. Unga wa mahindi ukiuvuta hivyo unakatika. Wa ngano una mnato, na mnato huo ndio unaokubali kubeba nyama, maharage na mchuzi bila kupasuka.

Masimulizi ya mitaani yanamtaja Juan Méndez wa Ciudad Juárez, eti ndiye aliyeanzisha burito wakati wa Mapinduzi ya Mexico yaliyoanza 1910, akipitisha chakula chake juu ya punda. Ni hadithi tamu, ila tarehe zinaikana. Kamusi ya Félix Ramos i Duarte, iliyochapishwa 1895, tayari inaitaja burito kuwa tortila iliyoviringwa yenye nyama au kitu kingine ndani. Burito ya Juárez, mpaka leo, ni ndogo: kitoweo kimoja tu, labda nyama ya kukaangwa kwa pilipili au maharage ya kupondwa, basi. Hakuna wali.

Chakula hicho kilivuka mpaka na vibarua. Kati ya 1942 na 1964 Marekani na Mexico zilikuwa na mpango wa kuajiri wafanyakazi wa mashambani, maarufu kwa jina la Bracero, ambao ulizaa mikataba zaidi ya milioni 4. Anayechuma matunda kutwa anahitaji chakula kisichodai sahani wala kijiko. Kwenye migahawa ya Los Angeles burito ilikwisha kuonekana tangu miaka ya 1930, lakini hiyo iliagizwa kwa mhudumu na kuletwa mezani.

Kilichofuata San Francisco ni jambo jingine, na kwa maoni yangu hapo ndipo mgahawa wa burito tunaoujua ulipozaliwa. Katika mtaa wa Mission, wenye wahamiaji wengi kutoka Mexico na Amerika ya Kati, Febronio Ontiveros alikuwa na duka lake, El Faro. Alisimulia kwamba mwaka 1961 askari wa zimamoto walimjia wakitaka mkate wenye nyama. Hakuwa nao. Akawatengenezea burito, na kwa kukosa tortila kubwa akaunganisha mbili ndogo. Raul na Michaela Duran wa La Cumbre, kwenye mtaa wa Valencia, nao wana dai lao la mwaka 1969. Kugombania nani alitangulia ni kazi ya wenye maduka. La maana zaidi ni mpangilio ulioenea baadaye huko Mission.

Mteja anasimama mbele ya kioo. Tortila inapigwa mvuke sekunde chache, ikalegea na kuvutika. Kisha inasogezwa kandokando ya vyombo vya chuma vilivyowekwa juu ya maji ya moto: wali, maharage, nyama, salsa, krimu chachu, parachichi la kupondwa. Mteja anaonyesha kwa kidole, mpishi anajaza. Mwisho inafungwa kwa foili, nayo foili inashikilia joto na pia inazuia mzigo wote kumwagika mapajani mwa mlaji. Wali uliingia hapo kwa sababu unashibisha kwa bei ndogo. La Taqueria, iliyofunguliwa mtaani humo mwaka 1973, imeukataa wali hadi leo na foleni yake haijapungua.

Steve Ells, mhitimu wa chuo cha mapishi, alikuwa mpishi katika mgahawa wa kifahari wa Stars mjini San Francisco, na alizijua foleni za Mission. Mwaka 1993 alikopeshwa na baba yake dola 85,000, akafungua mgahawa wa burito wa Chipotle huko Denver, jirani na chuo kikuu, ili apate mtaji wa mgahawa wa kifahari aliokuwa akiuota. Hesabu zilionyesha kwamba angehitaji kuuza burito 107 kwa siku ili apate faida. Baada ya mwezi mmoja alikuwa akiuza zaidi ya 1,000. McDonald's iliwekeza fedha zake mwaka 1998, na ilipojitoa mwaka 2006 Chipotle ilikuwa na migahawa zaidi ya 500. Ule mgahawa wa kifahari ulisahauliwa.

Neno lililouza migahawa hiyo ni “freshi”, nalo lina historia yake ya forodhani. Tangu 1914 Marekani ilipiga marufuku parachichi la Mexico kwa kuogopa wadudu wa mbegu. Zuio lililegezwa mwaka 1997, tena kwa baadhi ya majimbo na kwa miezi ya baridi tu. Baadaye, hatua kwa hatua, parachichi la jimbo la Michoacán likaanza kufika kaunta hizo mwaka mzima. Kisha ukaja mwaka 2015, wateja wa Chipotle katika majimbo kadhaa wakaugua kutokana na bakteria wa E. coli. Kampuni ikahamishia ukataji wa nyanya kwenye jiko kuu, zipimwe kabla ya kusafirishwa. Kaunta ilibaki vile vile mbele ya macho ya mteja, ila kisu kimoja kilikuwa kimeondoka nyuma yake.

Aprili 2025 Chipotle ilitangaza mkataba na kampuni ya Alsea wa kufungua migahawa nchini Mexico kwenyewe. Taco Bell ilikwisha kujaribu, mwaka 1992 na tena 2007, na mara zote mbili ikafunga virago. Wengine husema chakula kinarudi nyumbani, sioni hivyo. Burito ya Juárez haijawahi kuondoka, inauzwa asubuhi kwa bei ya kibarua. Kinachopelekwa sasa ni kaunta ya Mission, pamoja na wali wake.