Nyambizi, redio na maji ya chumvi: kutoka Kibokoni hadi Kilindini

Najua nimekuwa kimya, na mara hii kisingizio si kazi. Meza ninayoandikia programu imejaa nyambizi. Ina urefu wa sentimita 93 hivi, ya plastiki, na kwa wiki kadhaa sasa kibodi yangu imehamia kitandani.

Ni modeli ya Revell ya nyambizi ya Kijerumani aina ya VIIC, kwa kipimo cha 1 kwa 72. Jamaa mmoja wa Kibokoni aliniachia. Kiwandani hutoka kama pambo la rafuni tu, lakini kuna mtu aliwahi kuigeuza iongozwe kwa redio, kisha akaitupa kabatini miaka mingi. Nilipoifungua, betri za nikeli zilikuwa zimevuja, vipete vya mpira vimekauka kama maganda ya karanga, na shafti moja imeshikwa na kutu.

Kwa asiyewahi kuona kitu hiki: bodi la nje halizuii maji kabisa. Lina matundu, linajaa maji hadi juu. Kilicho kikavu ni silinda moja tu ndani yake, ambamo mna betri, mota mbili, risiva, na tangi lenye pistoni linalofanya kazi kama bomba la sindano. Pistoni ikivuta maji, chombo kinazama. Ikisukuma, kinaibuka. Wazee wa majahazi hapa Mombasa wana neno la mzigo unaowekwa chini ya chombo ili kitulie: farumi. Nyambizi ni chombo kinachobadilisha farumi yake safarini, basi.

Hesabu yake inapendeza. VIIC halisi ilikuwa na urefu wa mita 67.1. Ikielea ilisukuma kando tani 769 za maji, na ikizama tani 871. Tofauti ni tani 102. Ukipunguza kwa 72 mara tatu (urefu, upana, kina), yaani ukigawa kwa 373,248, unabaki na gramu 273. Haijazi hata chupa ya soda ya mililita 300! Lakini kumbuka maji ya bahari ni mazito kuliko ya bomba kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo modeli uliyoisawazisha nyumbani kwenye pipa itahitaji karibu gramu 58 zaidi ukiishusha baharini. Mimi nilitumia chubwi za wavuvi, zile za risasi.

Sasa kosa langu. Redio ya zamani iliyomo ilikuwa ya megahezi 40, na mimi mtu wa kisasa nikaing'oa nikaweka ya gigahezi 2.4, ambayo leo iko kwenye kila ndege ya kuchezea. Mezani ilifanya kazi safi. Kwenye pipa, ilipofika kina cha kiganja tu, kimya. Maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4 hata yasipokuwa na chumvi. Kwa hiyo nikairudisha ile ya zamani kwa aibu, na kwenye pipa ikatii hadi chini kabisa.

Nikafurahi, nikaenda nayo kwenye ngazi za Bandari ya Kale, nimeifunga mshipi wa kuvulia kwa tahadhari. Namshukuru Mungu kwa ule mshipi. Antena ilipozama tu, nyambizi ikawa jiwe. Vijana waliokuwa wakirusha ngalawa zao za kuchezea, zile zenye tanga la mfuko wa plastiki, walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akaniambia, "Mjomba, yangu haitaki betri."

Sababu ni chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na kitu kinachopitisha umeme huyamaliza mawimbi ya redio. Kwa megahezi 40, kila sentimita 4 za maji ya bahari hupunguza wimbi hadi asilimia 37 ya lilivyokuwa. Kufika sentimita 20 umebakiwa na chini ya asilimia moja. Mita nzima, sahau. Ukitaka kwenda chini zaidi, lazima ushushe masafa sana. Wajapani walikuwa na kituo cha Yosami, kilichoanza mwaka 1929, kilichotangaza kwa kilohezi 17 na ushei, na kwa masafa hayo kile kipimo cha sentimita 4 kinakuwa karibu mita 2. Nyambizi isiyo mbali na uso wa maji inaweza kusikia. Ila kujibu haiwezi, maana nguzo za Yosami zilikuwa na urefu wa mita 250 na hakuna boti ya kuzibeba. Ikitaka kusema, lazima iinue antena juu ya maji. Na ikisema, kila mwenye antena anasikia.

Hapo ndipo nilipoacha kisu na gundi nikaanza kusoma historia. Kumbe hadithi yenyewe ilikuwa hapahapa kisiwani.

Aprili 1942 ndege za Kijapani zilipiga Colombo, na Waingereza wakahamishia meli zao za Bahari ya Hindi Kilindini. Nyuma yao wakaja watu wasiopiga mzinga wowote, wavunja-msimbo. Walifika Mombasa mapema Mei 1942 na kuwekwa katika shule ya Allidina Visram, ile iliyofunguliwa mwaka 1923 na bado inasomesha hadi leo. Kazi yao ilikuwa kunasa ujumbe wa redio wa jeshi la majini la Japani na kuufumbua. Mahali hapakuwafaa: mawimbi kutoka mashariki yalifika dhaifu, na kazi yao ikashuka ikilinganishwa na Colombo. Na adui hakuwa mbali. Mwezi uleule, tarehe 30, nyambizi ndogo ya Kijapani ya watu wawili iliingia Diego Suarez, Madagaska, ikaiharibu manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta British Loyalty.

Hata hivyo Septemba 1942 walipata bahati. Mjapani mmoja alituma ujumbe, akagundua amesahau kitu, akautuma tena na nyongeza kwa ufunguo uleule. (Wanaoshughulika na usalama wa mifumo sasa hivi wanashika kichwa.) John MacInnes na Brian Townend wakapitia upenyo huo na kuuvunja msimbo ulioitwa JN-40, uliotumiwa na meli za mizigo za Japani. Baada ya wiki chache walikuwa wakisoma habari za misafara hiyo karibu papo hapo. Yaani nyambizi za upande wa Waingereza na Wamarekani ziliweza kujua pa kusubiri. Mwaka 1943 kikosi kikarudi Ceylon, shule ikabaki shule.

Lakini yote hayo yanafaa pale tu adui anaposema. Tarehe 6 Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail ilikuwa imeondoka Kilindini katika msafara wa meli tano kwenda Colombo, ikiwa na watu 1,511. Wengi wao walikuwa wanajeshi wa Kikosi cha Mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, 996 kwa jumla, na mlikuwa na wauguzi wa kike pia. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili au tatu. Waliokufa ni 1,297. Waliookoka ni wanaume 208 na wanawake 6.

Nyambizi iliyo chini haina redio ya kunaswa, kwa hiyo kilichobaki ni kuitafuta kwa mwangwi wa sauti majini. Ilipatikana imejificha chini ya watu walewale waliokuwa wakiogelea. Manowari Petard ikapita katikati yao ikiangusha mabomu ya kina. I-27 ililazimika kuibuka, na Petard ikaimaliza kwa topido. Majina ya askari wetu yako kwenye mnara wa makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, na nimepita pale mara nyingi nikienda Karen bila kuingia.

Na Petard ndiyo ileile ambayo tarehe 30 Oktoba 1942, katika Bahari ya Mediterania, iliibana nyambizi U-559, na mabaharia wake wakaingia ndani kuchukua vitabu vya msimbo wa Enigma. Wawili, Fasson na Grazier, wakazama nayo. U-559 ilikuwa aina ya VIIC. Ndiyo hii iliyo mezani kwangu, mara 72.

Modeli yenyewe nimeiachia megahezi 40 na kuiongezea kompyuta ndogo ya kipande kimoja ndani ya silinda. Mistari kama 40 ya programu, si zaidi: risiva ikikosa ishara kwa sekunde 3, mota zinazima na pistoni inasukuma maji yote nje, chombo kinapanda chenyewe. Baharini nitazama kwa sekunde hizo 3 tu, na mnara wenye antena nitauacha juu muda mwingine wote. Kipete cha shafti ya kulia bado kinavuja tone kwa tone, natafuta cha milimita 4. Nikikipata nitasubiri maji mafu, maana siku za bamvua mkondo wa mbele ya Fort Jesus utaichukua kabla sijawasha transmita. Na mshipi wa kuvulia naenda nao.