Basi jipya, mashimo ya zamani: somo la Léopoldville

Wandugu, kila mara tukiongea juu ya transporti katika miji yetu, swali la kwanza ni: nani atanunua mabasi? Mimi naona historia inatuuliza swali lingine.

Mwaka 1955 Léopoldville, Kinshasa ya leo, ilianza kutumia magirobasi. Yalikuwa 12, kwa njia nne. Hakuna mji mwingine duniani uliokuwa nayo mengi hivyo. Ni basi la umeme lisilo na waya: kituoni umeme unazungusha gurudumu zito la chuma, halafu nguvu ya mzunguko ule njo inasukuma basi mpaka kituo kingine. Chombo cha akili sana, kutoka Uswisi.

Lakini madereva walipenda njia za mkato za udongo, na mvua ikinyesha zinageuka tope. Mashine zikachakaa mbio, umeme nao ukaliwa sana. Mwaka 1959 yakasimamishwa.

Mwaka 2013, kulekule Kinshasa, Leta ikaanzisha Transco na mabasi mapya. Watu walifurahi, na ilikuwa haki yao. Lakini hata basi jipya linapita kwenye mashimo yaleyale.

Basi franga za transporti zisiishie kwenye kununua. Zihesabu pia barabara, mifereji, vipuri na mshahara wa fundi. Tena wakaaji wa kartiye waulizwe kwanza kituo kikae wapi: wao njo wanajua maji ya mvua yanapita wapi. Sisi wenye tumesoma, tuanze kuuliza hivyo kwenye komini zetu.