Mgonjwa Alazwe Vipi: Kupimwa, Kuuguzwa na Kuswali

 

Familia ya visiwani yenye kijana wake bara, tuseme Ibadakuli katika Manispaa ya Shinyanga au machimboni Geita, mara nyingi huuguza kwa simu. Akiumia, mama huuliza: amelazwa kuelekea Qibla? Ni swali zuri, lakini si la kwanza.

La kwanza ni mgongo. Machimbo huporomoka, mwaka 2015 wachimbaji wa Nyangalata, Kahama, walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Aliyefukiwa na kifusi au kuanguka shimoni asinyanyuliwe kwa kushikwa kwapani na miguuni. Ikiwa shingo au uti wa mgongo umevunjika, kumkunja mara moja tu kwaweza kumpoozesha maisha. Atulizwe alivyo mpaka waje wanaojua. Ikilazimu kumgeuza, wamgeuze watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda mstari mmoja. Kumsokota ili aelekee Qibla hali kutamdhuru, haijuzu.

Asiye na jeraha hilo hulazwa kwa maradhi yake. Anayebanwa na pumzi, wakiwemo walioharibiwa mapafu na vumbi la mwamba, aketishwe kwa kuegemezwa mito; chali humzidishia. Aliyezimia lakini anapumua alazwe ubavu, matapishi yasimpalie. Mjamzito wa miezi ya mwisho naye alale ubavu. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2 hivi, na atazamwe visigino, nyonga na juu ya makalio, maana kidonda cha kulalia huanza na ngozi kubadilika rangi tu.

Katika kupimwa, mkao unaotia haya zaidi ni wa uchunguzi wa uzazi: chali, magoti yamekunjwa na kutanuliwa. Wapo wanaochelewa hospitali kwa sababu yake, na kuchelewa huko kuna hatari. Sharia inaruhusu kufunua 'awra kwa tiba, kwa kadiri ya haja: sehemu inayopimwa, kwa muda inapopimwa, na shuka kwengineko. Daktari mwanamke hutangulizwa. Akikosekana, mwanamume hupima akiwepo mume au maharimu. Kuomba shuka si kumvunjia daktari heshima.

Ama Swala, 'Imraan bin Huswayn (Radhiya Allaahu 'anhu) alikuwa na bawasiri, na Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamfundisha aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza kwa ubavu. Ameipokea Al-Bukhaariy. Ubavu wa kulia ni bora. Asiyeweza hata huo, katika madhehebu ya Shaafi'iy hulala chali, nyayo zikielekea Qibla na kichwa kikiinuliwa kwa mto, akaashiria, sijida ikiwa chini zaidi ya rukuu. Unguja Qibla ni karibu kaskazini kabisa. Shinyanga huelemea mashariki kidogo. Kwa hiyo anayeswali kwa ubavu wa kulia kichwa chake huwa upande wa mashariki. Aliyekosa wa kumgeuza ataswali alivyo, kwa heshima ya wakati, kisha atairudia akiweza.

Wa Allaahu A'lam.